Nani humgeuza mgonjwa usiku?

Katika mtaa mmoja wa Kasongo, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, kuna nyumba ya matofali mabichi ambayo taa yake huwashwa mara nne usiku: saa nne, saa sita, saa nane, na saa kumi, kabla muadhini hajaanza. Kila mara binti wa miaka 14 huinuka mkekani, humgusa bibi yake bega na kumwambia, "Koko, saa imefika." Wawili hao hushika kitenge kilichotandikwa chini ya mzee, huyu huku na huyu kule, huvuta kwa pamoja na kumlaza kwa ubavu wa pili. Kati ya magoti yake huweka mto mdogo uliojazwa matambara. Bibi hupitisha kiganja kwenye kifupa cha mkia, anatafuta unyevu, anatafuta joto. Akimaliza huchovya kidole katika mafuta ya mawese na kumpaka mumewe. Taa huzimwa.

Nilipowatembelea nilimwomba bibi huyo apake bila kusugua, maana ngozi iliyokwisha kuiva juu ya mfupa ikisuguliwa huharibika kwa ndani kabla haijaonekana kwa nje. Hilo ndilo jambo pekee nililomfundisha. Mengine alikuwa anayajua: kwamba uji usiwe mwepesi kwa sababu mzee hupaliwa, kwamba alishwe akiwa ameegemezwa ukutani na kidevu kimeinama kidogo, kwamba mkono uliopooza usivutwe hata siku moja. Hakuna aliyemfundisha. Aliyajua kwa kukosea.

Mzee alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa. Alilazwa hospitali, akapewa dawa za presha, akaruhusiwa kurudi kwake na karatasi iliyosema aonekane tena baada ya mwezi. Hakuonekana. Si ukaidi: mtu asiyeweza kujishika hapakiwi juu ya pikipiki, na kipoi kinataka wanaume wanne wenye mabega, ambao wiki hiyo walikuwa mashambani. Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa wa namna hii ageuzwe kila baada ya saa mbili. Hiyo ni mara 12 kwa siku, mara 360 kwa mwezi. Ni vitendo 360 vya uuguzi vinavyofanyika ndani ya zoni ya afya kila mwezi, na hakuna daftari linaloviandika.

Jambo hili lingetokea kwingine ningesema ni bahati mbaya ya mikoa ya mbali. Kasongo si mahali pa kusemea hivyo.

Mwaka 1971 madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walianza kazi hapa pamoja na wenzao wa Zaire, jina la Kongo enzi hizo. Wazo lao leo linaonekana la kawaida. Wakati ule halikuwa. Walitaka hospitali isikae peke yake ikingoja waliokaribia kufa, bali izungukwe na vituo vidogo vya afya, kila kituo kikiwa na watu wake kinaowajua, na wakazi wakae kwenye kamati pamoja na wauguzi. Muuguzi wa kituo atibu homa, achanje, apime wajawazito, afuatilie wa kifua kikuu, yote chini ya paa moja. Maandishi ya timu ya Kasongo yalisomwa mbali sana. Utafiti wao kuhusu chanjo ya surua, uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 1981, umebishaniwa kwa miongo. Dk. Pangu Kaza Asila aliutetea mfumo huo katika tasnifu yake ya mwaka 1988, akisema waziwazi kwamba afya kwa wote inawezekana, na ushahidi wake ni vituo vya Kasongo.

Zaire ilipoigawa nchi nzima kwa zoni za afya katika miaka ya 1980, 306 kwa hesabu ya kwanza, Kasongo ilikuwa mmoja wa mifano iliyofuatwa. Leo zoni ni 519. Maniema ina 18, na sita kati ya hizo ziko huku kusini: Kasongo, Kunda na Samba upande wa Kasongo, Kabambare, Lusangi na Salamabila upande wa Kabambare. Kwa hiyo bibi yule mwenye kitenge hawezi kuambiwa kwamba mfumo ulitoka kwingine ukamkuta njiani. Vazi hili lilishonewa hapa, kwa vipimo vya watu wa hapa.

Tatizo liko kwenye vipimo vyenyewe.

Kipimo cha kwanza kilikuwa umbali. Mtu anatembea kilomita ngapi mpaka kituoni? Lilikuwa swali zuri, na lilijenga vituo pale ambapo watu wanaishi badala ya pale ambapo barabara ya mkoloni ilipita. Lakini ndani ya swali hilo kuna mtu mwenye miguu. Kwa aliyelala, kituo cha mita mia tatu na cha kilomita thelathini ni kimoja.

Kipimo cha pili ni bei. Katika zoni nyingi za Kongo mgonjwa hulipa kiasi kimoja kwa ugonjwa mmoja, kuanzia siku anayoingia hadi anapopona, vipimo na dawa zikiwemo. Kwa malaria ni bei ya haki kuliko kulipia kila kidonge, na nimeitetea mara nyingi mbele ya wauguzi wanaotamani kuuza kimoja kimoja. Lakini bei hiyo inaamini kwamba ugonjwa una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kiharusi hakina wa kutokea. Presha haina, kisukari hakina, kansa ina mlango mmoja tu ambao hakuna anayeuombea. Muuguzi mkuu wa kituo akimpokea mgonjwa wa hivi kwa bei ya ugonjwa mmoja, atamhudumia mpaka lini? Akimtoza upya kila mwezi, familia itakoma mwezi wa tatu. Nimeona yote mawili, na sijui lipi lina lawama kubwa zaidi.

Kipimo cha tatu hakionekani na umma, nacho ndicho kibaya kuliko vyote: fomu ya mwezi ya SNIS, yaani mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Moyo wa fomu hiyo ni visa vipya. Mzee wetu alikuwa kisa kipya mara moja, mwezi aliopooza. Mwezi uliofuata alitoweka kwenye karatasi ingawa alikuwa bado yupo kitandani, mzito vilevile. Ofisi kuu ya zoni hupanga kwa kutazama fomu. Kindu, mji mkuu wa mkoa, hupanga kwa kutazama jumla ya fomu. Kinshasa hutazama ramani yenye rangi. Asiye kisa kipya hana rangi kwenye ramani.

Sasa mtu asidhani nasema kwamba serikali na wafadhili hawajui njia ya kwenda nyumbani kwa mgonjwa. Wanaijua sana. Tangu mwaka 2005 Kongo ina vituo vya matibabu vya kijijini, vinavyoendeshwa na wanajamii waliofunzwa tunaowaita RECO, katika vijiji vilivyo zaidi ya kilomita tano kutoka kituo cha afya au vilivyokatwa na mto. Mtoto wa miezi 2 hadi 59 mwenye homa, kikohozi cha kubana au kuhara hutibiwa hapohapo: dawa ya malaria, amoksisilini, chumvichumvi za kuongezea maji na zinki. Mgonjwa wa kifua kikuu naye hupewa mtu wa karibu wa kumsimamia ameze vidonge, na akikosa kuonekana kituoni hufuatwa mpaka mlangoni.

Kisha kuna malale, na hapa naomba msomaji asimame nami kidogo.

Kwa miongo mingi mgonjwa wa malale aliyeingiwa na vijidudu ubongoni alichomwa sindano za melarsoprol, dawa yenye arseniki ambayo yenyewe iliua takriban mtu mmoja katika kila ishirini waliotibiwa. Mwaka 2009 ikaja tiba bora, lakini ya dripu za kila siku, hospitalini, na muuguzi aliyefunzwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 Kongo iliidhinisha fexinidazole: vidonge, mara moja kwa siku, siku kumi, basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 ukasema kwamba baadhi ya wagonjwa wanaweza kuvimeza nyumbani. Ila dawa hii haifanyi kazi vizuri tumbo likiwa tupu. Ni lazima imezwe baada ya chakula kigumu. Kwa hiyo mwongozo unamtaka muuguzi aulize mambo ambayo sijapata kuyaona katika mwongozo mwingine: nyumbani kuna nani? Ataweza kumwangalia mgonjwa kila siku? Mgonjwa amekula leo, na amekula nini?

Soma maswali hayo tena. Ni uuguzi wa nyumbani wenyewe. Wataalamu wa Geneva wamefika mpaka kwenye sahani ya bugali na sombe ya mtu wa Maniema, wakahesabu kuwapo kwa mke au dada kuwa sehemu ya tiba. Ilipohitajika, sera ilijua kuingia ndani, kukaa kwenye kigoda na kuuliza habari za jikoni. Siku ya kumi na moja inaaga na kuondoka.

Kwa nini ije kwa malale na isije kwa kiharusi? Jibu la kiungwana ni kwamba malale, kifua kikuu na malaria vinaambukiza, au vinaua watoto wengi, na fedha ni chache. Ni kweli. Lakini kuna jibu la pili lisilo la kiungwana, nami nimekaa kwenye mikutano ya kutosha kulisema: magonjwa hayo yana mwisho unaoweza kuandikwa kwenye ripoti. Siku kumi, miezi sita, mtoto kapona. Mfadhili anapata namba, zoni inapata namba. Mzee anayegeuzwa mara 360 kwa mwezi ili tu asipate kidonda hatoi namba yoyote. Ushindi wake ni kwamba hakuna kilichotokea.

Ukiuliza sheria zinasemaje, utapewa mkoba mzima. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi zinazolingana na mahitaji ya mwili wake, akili yake na utu wake. Ipo sheria ya Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na mzee aliyepooza nusu ya mwili ni mtu mwenye ulemavu hata kama hakuna aliyemwambia. Ipo sheria ya mwaka 2017 ya mashirika ya kusaidiana, tunayoyaita mutuele. Ipo sheria ya mwaka 2018 ya misingi ya afya ya umma. Upo mpango wa afya kwa wote, ambao Septemba 2023 ulianza kwa kuwafutia akina mama gharama za kujifungua. Mahali pazuri pa kuanzia, sina ugomvi. Na ipo Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, ambayo inawafunga ndugu kutunzana.

Katika mkoba wote huo, ni hii ya mwisho pekee inayofanya kazi kila usiku. Sera halisi ya uuguzi wa nyumbani kusini mwa Maniema ni familia. Mengine ni karatasi.

Hapa ndipo huja ile hotuba. Kila ninapozungumzia jambo hili mbele ya wakubwa, husimama mtu akasema sisi Waafrika tunawatunza wazee wetu, nyumba za kuwaweka wazee ni za Wazungu, mila yetu inatosha. Hupigiwa makofi. Mara nyingi msemaji huwa ni mwanaume, na mama yake anatunzwa na dada yake. Mila haiamki saa nane za usiku. Anayeamka ni binti wa miaka 14. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bure mwaka 2019, na ada ikaondoka kwa wengi, lakini binti huyu yuko sekondari sasa, na sababu yake ya kusinzia darasani haipo kwenye orodha ya karo. Bibi yake naye ameacha shamba la mihogo la mbali, analima kipande cha nyuma ya nyumba. Wanawe wa kiume wako Kolwezi na Kindu. Wanatuma pesa kwa simu, wanatuma kwa upendo, sitawasema vibaya. Hawajawahi kumgeuza baba yao.

Kwa upande wa Kabambare jambo lina sura nyingine, ya kutisha zaidi. Ukitoka Kabambare kwenda Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya ambako kampuni ya Banro ilichimba, ni nchi ambayo watu wake wamekimbia mara nyingi kwa sababu ya makundi ya Mai-Mai, likiwemo lile linaloitwa Malaika. Anayekimbia huchukua mtoto, sufuria na godoro. Aliyelala hukimbizwa na nani? Watu wa huko wameniambia kuhusu familia zilizobaki kwa sababu ya mgonjwa, na familia zilizoondoka zikamwachia mgonjwa maji na chakula karibu na mkono wake mzima. Waliporudi, wengine walimkuta hai. Sitaki kuligeuza jambo hili kuwa hoja. Nasema tu kwamba ndani ya zoni za Lusangi na Salamabila, orodha ya wasioweza kutembea ingekuwa orodha ya kwanza ya kushikwa mkononi siku ya kukimbia, na orodha hiyo haipo.

Nitoke pembeni kidogo. Mgonjwa mmoja wa nyumbani wa zamani ambaye tuna maandishi yake katika nchi hii alilala hukohuko Kabambare, iliyoitwa Bambarre katika shajara yake. Ni mmisionari na msafiri David Livingstone. Kuanzia tarehe 22 Julai 1870 hakutoka kibandani kwa siku 80, miguu imeoza kwa madonda. Alitibiwa kwa unga wa jiwe la malakiti uliosagwa juu ya jiwe kwa maji, ukapakwa kwa unyoya. Watumishi waliobaki naye wakati huo walikuwa watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, na mjini walikuwamo wafanyabiashara Waswahili waliomstahimili. Wasomaji wa shajara huvutiwa na jinsi alivyoisoma Biblia mara nyingi kitandani. Mimi kama muuguzi hujiuliza nani alikuwa anasaga lile jiwe kila asubuhi, nani alimwaga ndoo. Miaka 150 na ushei imepita, na mtu wa jiwe na ndoo bado hana safu yake kwenye fomu.

Majirani zetu wamefanya nini? Wachache wamefanya jambo moja moja, na si lazima kuwa tajiri kuyaiga.

Uganda ilikabiliana na maumivu. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na huduma yake kubwa haikuwa vitanda bali wauguzi waendao nyumbani kwa mgonjwa wakiwa na chupa ya mofini ya maji, dawa inayochanganywa kutoka unga na yenye bei ndogo. Kikwazo kilikuwa sheria, kwa sababu madaktari ndio pekee walioruhusiwa kuiandika, na vijijini madaktari ni haba. Mwaka 2004 Uganda ikairekebisha: wauguzi na matabibu waliofunzwa utunzaji huo wakaruhusiwa kuandika mofini. Ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Kwetu kusini mwa Maniema, mwanamke mwenye kansa ya shingo ya uzazi huondoka duniani na parasetamoli, na tramadoli akijaliwa. Zamani wenye uwezo walimkimbiza Bukavu. Tangu mji huo uangukie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, hata mlango huo umekuwa mwembamba. Mofini ya maji haitaki Bukavu. Inataka saini ya Kinshasa na kabati lenye kufuli.

Zanzibar ilikabiliana na fedha. Kuanzia Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni ya kila mwezi, Sh 20,000 wakati huo, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Kongo ina mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, kwa waliokuwa na mwajiri. Mkulima wa Samba hakuwa na mwajiri, kwa hiyo kwa CNSS hakuzeeka. Kenya nayo mwaka 2023 ilipeleka wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wenye mkoba wa vifaa na posho ya Sh 5,000 kwa mwezi. Posho hiyo imecheleweshwa hapa na pale, kama posho zote chini ya jua, lakini imeandikwa kwenye bajeti, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.

Naitaja Kenya kwa sababu najua suluhisho litakaloletwa kwetu kwanza, nami nalipinga mapema: kumwongezea RECO kazi. RECO wetu ni mtu wa kujitolea. Huhesabu vyandarua, huita watoto wa chanjo, hutangaza kipindupindu, hufuatilia wajawazito. Kumwambia sasa akamwoshe na mzee wa jirani ni kuchukua mzigo wa mwanamke asiyelipwa na kuugawa na mtu mwingine asiyelipwa, kisha kuuita mradi.

Kuna pingamizi la kweli zaidi, nalo nalipa heshima yake. Daktari mmoja mkuu wa zoni aliniuliza: wauguzi wangu wengi hawana namba ya serikali, hawana mshahara, wengine hata ile posho ya hatari hawaipati, unataka niwapandishe kwenye pikipiki wakamtazame mzee asiyepona? Nilimjibu kwa hesabu. Eneo moja la kituo cha afya lina watu kama elfu kumi. Waliolala kitandani, kwa ninavyojua maeneo niliyofanyia kazi, hawajai kanisa wala msikiti; huwa ni watu wa kuorodhesha kwenye ukurasa mmoja. Muuguzi akitoka asubuhi moja kila wiki, kila mmoja wao ataonwa mara moja kwa mwezi. Atapima presha, atatazama ngozi, atamwonyesha anayemtunza jinsi ya kumwinua bila kujivunja mgongo, ataacha dawa za mwezi. Kutembelea kaya tayari kumo katika kazi za kituo cha afya. Ila leo tukifika nyumbani kwa mtu tunatazama choo, chandarua na kadi ya chanjo, tunaaga, na mgonjwa yuko chumba cha nyuma. Kwa petroli ya asubuhi hiyo naomba kitu kimoja tu kibadilike kwenye bei: wagonjwa hawa watolewe kwenye malipo ya ugonjwa mmoja, waandikiwe malipo madogo ya mwezi, na anayeshindwa alipiwe na mutuele au na mfuko wa kamati. Daktari akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Katika yote hayo, la kwanza halihitaji Kinshasa wala petroli. Kila eneo la afya lina kamati yake ya maendeleo, CODESA, na wengi wa wajumbe wake ni RECO wanaoijua kila nyumba. Ombi langu ni kwao. Kabla zoni haijakaa kutengeneza mpango wa kazi wa mwaka ujao, chukueni daftari la shule, pigeni mistari minne. Andikeni jina la aliyelala, mtaa wake, tangu lini, na kwenye mstari wa nne jina la anayemgeuza usiku na umri wake. Kwenye nyumba ile ya Kasongo mstari huo utakuwa na majina mawili, na moja lina miaka 14. Lipelekeni kwa daktari mkuu wa zoni, likasomwe kwa sauti mkutanoni, jina kwa jina, kabla ya kufika kwenye visa vipya.